Siku Viti Vilipohama

Watu wa mtaa ule walimwita Sisimizi, na jina lilimkaa kama nguo aliyojishonea mwenyewe. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa makamo, mfupi, mwepesi, asiyejua kutulia. Ukimkuta amesimama, ujue anaondoka. Ukimkuta ameketi, basi yuko kwenye cherehani, na hata hapo miguu inakanyaga. Marehemu mumewe alizoea kusema kwamba katika ndoa yao yote hakuwahi kunywa naye kikombe cha chai mpaka mwisho. Chai ya mke ilipoa mezani, mke mwenyewe yuko uani anakimbizana na kuku wa jirani.

Asubuhi ya Siku ya Mtaa alikuwa na haraka kuliko siku zote. Alifagia kibaraza, akakifagia tena, kisha akachukua bakuli la uji akapita kichochoroni kwenda kwa dada yake.

Kichochoro hicho chembamba kilikuwa kati ya ukuta wa ukumbi wa mtaa na nyumba ya Mama Pacha. Watu wawili wakikutana humo, mmoja hujibana ukutani mwenzake apite. Mwisho wake, upande wa pili, ndiko alikokaa dada mkubwa wa Sisimizi, peke yake, katika chumba na sebule alivyoachiwa na mumewe. Miguu ilikuwa imemgomea. Alishinda kwenye kiti chake cha kamba karibu na mlango, na pembeni yake aliweka sufuria tupu na kifuniko chake. Akianguka, au akizidiwa, alipiga kifuniko juu ya sufuria, na sauti ile ilipita kichochoroni moja kwa moja mpaka kwenye cherehani ya mdogo wake. Sisimizi aliacha hata sindano ndani ya kitambaa akakimbia.

Mara nyingi alimsihi ahamie kwake. Dada alikataa. "Nyumba nimeachiwa mimi, sikuachiwa nikuletee wewe," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

"Kaa basi kidogo," dada alimwambia asubuhi ile, akikoroga uji. "Mbona unanizunguka kama nzi kwenye kidonda?"

"Nikae nini, Dada? Leo ndiyo wanaamua lile lango lao."

"Waamue. Wewe ukisimama ndiyo hawataamua?"

"Wakiweka lango na kufuli, mimi nitakufikiaje? Nizunguke barabara kubwa? Nipite gereji, nipite nyuma ya soko, nisubiri magari yapite, ndiyo nifike hapa? Utapiga hicho kifuniko mpaka kitoboke."

 Dada alilamba kijiko, akakiweka. "Mimi kupiga nitapiga," alisema taratibu. "Wewe kusikia utasikia. Shida ni hapo katikati."

Hilo ndilo lililomchoma Sisimizi. Angekuwa hasikii, afadhali. Lakini asikie na asifike! Alichukua bakuli kabla halijaisha uji, dada akamnyang'anya, wakacheka wote wawili, ingawa hakuna aliyekuwa na kicheko moyoni.

Sasa, mtaa ule ulikuwa na namna yake ya kuamua mambo. Zamani walinyoosha mikono, lakini ikawa kila mara ugomvi, kwa kuwa kulikuwa na watu wakinyoosha mkono huku na kule, na wengine walinyoosha ili wajikune tu. Ndipo baraza la mtaa likaja na desturi ya viti. Kila nyumba huleta kiti kimoja kutoka kwake. Uwanja hugawanywa kwa mstari wa jivu. Anayekubali jambo huweka kiti upande huu, anayekataa huweka upande ule, halafu watu wote wanaviacha viti hapo na kwenda kwenye michezo. Muda wa michezo ndio muda wa kufikiri. Ukibadili nia, unakuja mwenyewe, mbele za watu, unakibeba kiti chako na kukivusha mstari. Michezo ikiisha, Katibu anahesabu. Sheria ilikuwa moja tu, hata watoto waliijua: kiti cha mtu hakiguswi.

Jambo la siku ile lilikuwa hilo lango. Wezi walikuwa wakiingilia kichochoroni. Kwa Mama Pacha, ambaye dirisha lake lilitazama kichochoro hicho, walikuwa wameingia mara mbili, na mara ya pili mmoja wa wale mapacha aliamka akamkuta mtu amesimama kando ya kitanda. Tangu hapo mtoto yule halali mpaka mama yake amshike mkono. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Mama Pacha alipigilia mbao dirishani, na nyumba yake ikawa giza mchana kweupe.

Sisimizi na Mama Pacha walikuwa mashoga wa kuazimana chumvi. Tangu habari ya lango ianze, salamu zao zilikuwa zimefupika.

Mchana viti vilianza kutoka majumbani. Uwanja ulipendeza kuutazama: viti vya plastiki, vya mbao, vya chuma, kigoda cha mtu aliyedai hana kingine, na kiti kikubwa cha sebuleni ambacho Kinyozi na mkewe walikibeba wakihema.

"Kinyozi, hicho kiti au kitanda?" mtu alipiga kelele.

"Mimi natoa maoni yangu yakiwa yameshiba!" Kinyozi alijibu, akakitua upande wa kichochoro kubaki wazi. Yeye na wateja wake walipitia kichochoroni.

Viti vingi vilikuwa na mito, na karibu mito yote alikuwa ameishona Sisimizi. Aliijua mmoja mmoja, wa nani una maua, wa nani umefumuka pembeni na mwenyewe hajauleta kurekebishwa. Mama Pacha alikileta kiti chake cha mbao chenye mto wa buluu. Aliuvuka mstari bila kumtazama mtu, akakiweka upande wa lango. Sisimizi alikuwa ameshaweka kile kigoda chake cha cherehani upande wa pili. Walipishana.

"Hujambo, mwenzangu," Sisimizi alisema.

"Sijambo," Mama Pacha akasema, akapita.

Mwenyekiti wa mtaa, mzee mmoja aliyewahi kuwa dereva wa malori na ambaye mpaka leo alizungumza kama anashindana na injini, alisimama kwenye ngazi za ukumbi. "Viti vimekaa! Sasa watu wasikae! Twendeni michezoni! Na mkumbuke, usipoziba ufa utajenga ukuta!"

"Mwenyekiti, wewe msimamizi, usituchagulie upande!" Kinyozi alimkemea.

"Hiyo ni methali tu, bwana! Methali haina upande!"

Watu wakacheka, wakaenda kuvuta kamba na kukimbia ndani ya magunia. Sisimizi alikuwa kwenye kamati ya maandalizi, kwa maana kamati ya maandalizi ilikuwa yeye. Alimimina maji ya kunywa, akafunga kamba iliyofunguka, akamfuta mtoto kamasi, akarudi kutazama viti. Kwa macho yake hakuweza kujua upande upi una vingi. Alijaribu kuvihesabu, akafika katikati akapoteza, akaanza tena upande mwingine. Moyo ulikuwa ukimwenda kama cherehani iliyokatika uzi: inakimbia tu, haishoni kitu.

Ndipo mvua ikaanza.

Haikuwa mvua ya maana. Yalikuwa matone makubwa ya ghafla, jua bado linawaka. Watu walipiga yowe la furaha wakajazana ndani ya ukumbi, wengine wakafunga na mlango, upepo usiwapige. Sisimizi peke yake ndiye aliyebaki nje, na alichokiona ni mito yake. Mito ya pamba inalowa! Pamba ikilowa inajikunja mabonge, haifai tena hata kwa paka. Mikono yake haikungoja akili. Alikimbilia viti vyenye mito, akashika kimoja mkono wa kulia, kingine mkono wa kushoto, akaviburuta chini ya mapaa ya ukumbi, akarudi kuchukua vingine. Alikuwa akijisemea, "Jamani watu hawa! Jamani pamba hii!" Alipovibana ukutani vilivyoweza kubanwa, kumbukumbu nyingine ikampiga kichwani: nguo za Dada ziko kambani! Akatimua kichochoroni mbio, kilemba mkononi.

Kule alianua nguo, akazikunja, akapanguza maji yaliyoingia mlangoni, akahamisha ndoo.

"Kaa basi ujifute," dada alimwambia.

"Watahesabu bila mimi!"

"Kwani wewe ndiye jivu la mstari?"

Lakini alikuwa ameshatoka.

Mvua ilikuwa imekatika zamani. Aliporudi uwanjani alimkuta Katibu, mwalimu wa chekechea, akimaliza kupita kati ya viti, midomo ikicheza. Mstari wa jivu ulikuwa umelowa lakini ulionekana. Katibu alimnong'oneza Mwenyekiti. Uso wa Mwenyekiti ukashuka.

"Kichochoro," alisema, na sauti yake ya lori ikawa ya baiskeli, "kinabaki wazi."

Upande mmoja ulilipuka kwa vigelegele. Kinyozi alimnyanyua mkewe, akashindwa, akamshusha. Sisimizi aliruka kama mtoto. Alitaka kukimbia palepale kumwambia Dada, na kweli aligeuka, mguu mmoja tayari umeelekea kichochoroni, aliposikia sauti ya Mama Pacha.

"Kiti changu sikukiweka pale."

Aliisema bila kelele. Alikuwa amesimama mbele ya mapaa ya ukumbi, anaonyesha kiti cha mbao chenye mto wa buluu. Mapaa hayo yalikuwa upande wa kichochoro kubaki wazi.

"Mama Pacha, kiti kina miguu minne lakini hakitembei," mtu alisema, na watu wakacheka.

"Nawaambia sikukiweka pale. Nilikiweka kule."

"Ulibadili nia ukasahau!"

"Au sasa umebadili tena! Haya, lango, si lango, lango! Amua, mama, tukale!"

Kicheko kikazidi. Mama Pacha aligeuka huku na huku akitafuta hata uso mmoja wa kumuunga mkono. Mapacha wake walikuwa wamemshika sketi, mmoja kila upande. "Mimi si mwongo," alisema.

Mwenyekiti alikohoa. "Mama, desturi yetu unaijua. Kila mtu ndiye mlinzi wa kiti chake. Tukianza kusema kiti kimehama chenyewe, kesho tutasema uwanja nao umehama."

Sisimizi alisimama. Kwa mara ya kwanza siku ile, alisimama kweli. Aliutazama ule mto wa buluu. Akautazama wa maua uliokuwa karibu nao, na wa mistari, na ule uliofumuka pembeni. Akaiona mikono yake mwenyewe ikiviburuta. 

Hakuna aliyemwona. Walikuwa ndani, mlango wamefunga. Angenyamaza tu, na Dada angepiga kifuniko, na yeye angefika. Ni hilo tu alilokuwa akilitaka, hakutaka mali ya mtu. Kunyamaza si kusema uongo, alijiambia. Miguu ilimwambia aende kwa Dada. Ilikuwa imeshazoea njia ile, ingempeleka hata akifumba macho.

Kisha mmoja wa mapacha, yule asiyelala, alimuuliza mama yake kwa sauti ya kusikika, "Mama, mbona wanakucheka?"

"Nimevihamisha mimi!" Sisimizi alisema.

Alisema kwa nguvu mno, kama mtu anayetema kitu cha moto. Uwanja mzima ukageuka.

"Mvua ilipokuja. Nilivitoa mvuani vyenye mito. Sikuangalia mstari, wallahi sikuangalia. Nilikuwa naangalia pamba."

 Kinyozi akashika kichwa. "Ebo! Ulituokoa, halafu unatuzamisha?"

"Umegusa viti vya watu?" Mwenyekiti alinguruma, sauti ya lori imerudi. "Wewe, mtu wa kamati?"

"Nimegusa."

"Tangu lini?"

"Tangu kuzaliwa," Katibu alisema polepole. "Huyu tangu kuzaliwa hajaacha kitu mahali pake. Jamani, nani mwingine hapa angefanya hivyo? Mimi ningejua hata bila kuambiwa."

Watu wakacheka, lakini safari hii kicheko kilikuwa na huruma ndani yake, na Sisimizi akaona aibu zaidi kuliko kama wangemtukana. Mama Pacha hakucheka. Alikuwa akimtazama tu.

Wakaitwa wenye viti, kila mmoja akibebe chake akirudishe alikokiweka. Mito ya mapaani ikavuka mstari kurudi upande wa lango, wa buluu, wa maua, wa mistari. Kila mto uliovuka, Sisimizi aliuhesabu tumboni. Katibu akapita tena, midomo ikicheza.

"Lango lijengwe," alisema. Lilishinda kwa viti vichache.

Hapakuwa na vigelegele. Waliotaka lango waliona haya kushangilia, na wasiolitaka waliinamisha vichwa. Mwenyekiti alijitahidi kuchangamka: lango lingekuwa la chuma, na kufuli nzito, na ufunguo angeuweka yeye mwenyewe mfukoni, mtu akiwa na haja ya kweli amwone.

"Ukiwa umelala?" Sisimizi aliuliza.

"Unaniamsha."

"Mzee," mkewe Mwenyekiti alidakia kutoka nyuma, "wewe nikikuamsha mimi, niliyelala ubavuni mwako, huamki. Tulipata moto jikoni ukaamka kumekwisha pakwa rangi."

Watu wakaangua kicheko, na Mwenyekiti akatafuta leso. Sisimizi hakucheka. Alikuwa ameshasikia kifuniko kikilia kichwani mwake, na lango limefungwa, na yeye anagonga mlango wa mzee anayekoroma.

"Basi nipeni mimi ufunguo," alisema.

Wakaguna. Kinyozi akasema mambo ni hayo, amegusa viti, sasa anataka kugusa kufuli. Mtu mwingine akauliza itakuwaje akiliacha wazi akimbilie jambo jingine, kama kawaida yake.  Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na Sisimizi mwenyewe alilijua.

"Apewe."

Alikuwa Mama Pacha. Alisogea mbele na watoto wake wakining'inia.

"Aliyeibiwa ni mimi," alisema. "Lango nililitaka mimi, na kiti changu kiko kule, mnakiona. Mchana liwe wazi, watu wapite. Jioni lifungwe. Na ufunguo akae nao huyu." Alimgeukia Sisimizi. "Leo angeweza kuninyamazia. Na zaidi ya hapo, jamani, mimi nataka ufunguo uwe kwa mtu asiyelala. Katika mtaa huu nani halali kama huyu? Nikiamka usiku nasikia cherehani."

"Lakini ukilisahau wazi, shoga," aliongeza kwa sauti ya chini, "mimi nitakuja kukukalisha chini kwa misumari."

"Nitakaa," Sisimizi alisema.

"Hutakaa. Lakini hutasahau."

Mwenyekiti aliuliza kama kuna anayepinga. Kinyozi alitaka kusema neno, mkewe akamwambia abebe kiti chake waende nyumbani, kabla mvua haijarudi.

Mafundi walipoliweka lango kichochoroni, Sisimizi alijishonea utepe mwekundu, akautia ufunguo, akauvaa shingoni. Jioni ya kwanza alilifunga, akalitikisa, akaenda, akarudi akalitikisa tena. Mama Pacha alimchungulia dirishani. Mbao moja alikuwa ameshaing'oa, na mwanga wa taa ulipita hapo ukaanguka kichochoroni.

"Limefungwa, mwenzangu," Mama Pacha alisema. "Umelitikisa mpaka limeomba radhi."

"Nahakikisha."

"Hakikisha. Mtoto anakusikia. Akisikia mlio ndiyo anafumba macho."

Hilo likamwongezea mzigo badala ya kumpunguzia. Alilifungua, akapita, akalifunga nyuma yake kutoka ndani ya kichochoro, akafika kwa Dada na chakula cha jioni kimeshapoa.

"Keti," dada alimwambia.

Sisimizi akaketi. Alivuta kigoda, akaketi kabisa, mgongo ukagusa ukuta. Dada alimtazama kama anatazama mgeni aliyekosea nyumba.

"Nimeketi," Sisimizi alisema.

"Mguu wako je?"

Aliutazama. Ulikuwa ukikanyaga sakafu, chini juu, chini juu, kama kuna kitambaa kinapita. Akaushika goti, ukatulia. Mwingine ukaanza.

Wakaanza kula. Hawakuwa wamefika mbali, kichochoroni kukasikika chuma kikigongwa, na sauti ya Kinyozi: "Sisimizi! Ufunguo! Nimechelewa jamani, mke wangu kashatoa chakula!"

Akaruka. Tonge lilikuwa bado mkononi.

"Nenda," dada alisema, "mwenye lango." Alikuwa akicheka mpaka machozi, mara yake ya kwanza baada ya siku nyingi.

Sisimizi alikuwa amefika katikati ya kichochoro, ufunguo mkononi, aliposikia kifuniko kikigonga sufuria nyuma yake. Moyo ulimpasuka. Aligeuka kukimbia, akasimama, akasikiliza. Kiligonga tena, na tena, kwa mapigo ya mchezo, kikichanganyika na kicheko cha Dada.

"Mzushi mkubwa wewe!" alipiga kelele kuelekea kwa dada yake.

Mbele Kinyozi alikuwa akitikisa chuma. Nyuma kifuniko kililia. Sisimizi akatazama huku, akatazama kule, tonge bado liko mkononi. Akalitia mdomoni, akaenda kufungua.